Jina ni Sauti au ni Herufi?

Zawadi ya kwanza apewayo binadamu baada ya pumzi ni jina. Hulipokea kabla hajajua kuomba, hulichukua maisha yake yote, na akiisha kufa huliacha nyuma likiendelea kutajwa. Nguo humchakaa, nyumba humbomokea, mali humtoka, jina halimtoki. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Walakini wahenga walinena hivyo katika dunia ambayo jina lilikaa kinywani na sikioni tu. Dunia ya leo imelipa jina makao ya tatu, nayo ni karatasi. Hapo limezuka swali ambalo wahenga hawakulazimika kulijibu: kinywa na karatasi vikitofautiana, jina la mtu ni lipi? Ni lile aliloitwa na waliompenda, au ni lile lililoandikwa na aliyeshika kalamu?

Mtu mwenye haraka ataliona swali hili kuwa dogo. Atasema kuwa herufi moja si mlima, na kwamba mtoto atakua, atasoma na ataolewa, iwe jina lake limeandikwa hivi au vile. Pengine ni kweli kwa majina mengi. Lakini yako majina ambayo herufi moja huyatoa mbinguni na kuyatupa matopeni, na haki haipimwi kwa mambo mepesi tu. Hupimwa kwa jambo lile linalomuumiza mtu mmoja, hata kama wengine elfu wamepita salama.

Uchukuliwe mfano wa Nakapanya, katika mkoa wa Ruvuma, kwenye njia itokayo Songea kupitia Tunduru kwenda Masasi. Hiyo ni nchi ya Wayao na majirani zao, Wamakua wakiwa miongoni mwao, na Uislamu umekaa humo kwa vizazi vingi. Kwa hiyo majina mengi ya watoto wa kike yana asili ya Kiarabu, nayo yamefika huko kwa miguu ya wasafiri na kwa ndimi za walimu wa vyuo. Kiyao, katika maneno yake ya asili, hakina sauti za f, z wala th. Na l hushika mahali pa r. Basi Fatuma katika kinywa cha mzee aliyelelewa kwa Kiyao kitupu huweza kuwa Patuma, Zainabu akawa Sainabu, na Rukia akawa Lukia. Hapana kosa katika hayo. Kila lugha ina mlango wake, na mgeni apitaye mlangoni huinama kwa kadiri ya kimo cha mlango ule. Kwa Wayao wa Malawi, Patuma huandikwa hivyo hivyo, na wanawake walio na jina hilo hawajioni pungufu kuliko akina Fatuma wa pwani.

Ichukuliwe sasa kuwa katika kijiji hicho amezaliwa mtoto wa kike, na baba yake, aliyesoma chuoni, amempa jina la Thuraya. Katika Kiarabu Thurayya ni lile fungu la nyota ambalo Waswahili huliita kilimia, kwa kuwa kuonekana kwake kuliwahimiza watu kulima. Ni jina la heshima. Lina nuru ndani yake, na lina jembe pia. Bibi mzaa mama amelipokea kwa furaha, na kwa ulimi wake analiita Suraya. Ifikapo siku ya kumwandikisha mtoto, baba yuko kwenye mikorosho, mama hajapata nguvu, na bibi ndiye ampelekaye mjukuu mbele ya daftari.

"Mjukuu wako aitwa nani, bibi?" mwandishi auliza.

"Aitwa Suraya, mwanangu," bibi ajibu.

Mwandishi ana watu wengi wanaongoja. Anajua kuwa Ruqayya wa Kiarabu ndiye Rukia wa Kiswahili. Sikio lake limezoea kugeuza mwisho wa namna hiyo bila kufikiri. Kwa mazoea hayohayo anaandika Suria, anapiga muhuri, na kuita mwingine. Hakukusudia ubaya wowote, na bibi hasomi. Wote wawili wameagana kwa heshima. Lakini mtoto aliyeingia chumbani humo akiwa nyota ametoka akiwa kijakazi wa kitandani, maana suria, kama kila msomaji wa Kiswahili ajuavyo, ni mtumwa wa kike aliyewekwa na bwana wake kama mke pasipo ndoa.

Huo ni mfano uliotungwa, lakini njia iliyopitiwa na kosa lake haikutungwa. Ili ieleweke, yafaa kutazama kwanza tabia ya maandishi ya Kiswahili. Kwa karne kadhaa lugha hii iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika maandishi hayo Thurayya huanza kwa herufi yake na suria kwa nyingine, hata mwandishi mwenye usingizi asingeweza kuzichanganya bila kujua. Herufi hizo zilikuwa na upungufu wake, kwani hazikutenga barabara e na i, wala o na u. Lakini kwa majina yaliyotoka Uarabuni zilikuwa mlinzi mwaminifu. Baadaye zikaja herufi za Kirumi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Steere akafanya kazi yake Unguja; kila mmoja aliandika kwa sikio lake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo ilisimamia tahajia moja kwa vitabu vya shule. Katika tahajia hiyo th, dh na gh zilibaki. Kh ilitoka katika maneno mengi, khabari ikawa habari na kheri ikawa heri. Kwa mwendo huo Khadija wengi wakawa Hadija.

Tahajia hiyo ina sifa moja kubwa ambayo mataifa mengi huitamani. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akiisha kujua herufi hahitaji kuuliza tena neno litamkwe vipi. Lakini kila sifa ina kivuli chake. Mahali ambapo maandishi ni mwaminifu, msomaji humwamini mwandishi bila kuuliza. Na mwandishi akikosea, kosa lake hutamkwa kwa imani ileile ambayo ukweli ungetamkwa. Herufi za Kiswahili hazimshauri msomaji, bali humwamuru. Mwalimu atakayesoma orodha ya darasa miaka saba baadaye hatakuwa na sababu ya kutilia shaka herufi tano zilizo wazi mbele yake. Atasema Suria, na watoto wajuao maana watacheka.

Yafaa kukumbuka kuwa nguvu ya herufi juu ya ulimi haikuanza Afrika. Waingereza walirithi kutoka Kigiriki na Kilatini majina ya wanawake yaliyoandikwa kwa th, kama Katherine na Dorothy, lakini zamani walitamka t. Watu walipozidi kusoma, macho yaliufundisha ulimi, na th ya kitabuni ikawa th ya kinywani. Ushahidi wa matamshi ya kale umebaki katika majina ya kudekezea: Katherine huitwa Kate, Dorothy huitwa Dot, na Elizabeth huitwa Betty. Mama alipomwita mwanawe jikoni hakuwa na kitabu mkononi; kwa hiyo jikoni palihifadhi kile ambacho darasa lilibadili. Theresa na Thomas waliponyoka. Mpaka leo Waingereza huwaandika kwa th na kuwatamka kwa t.

Jambo la namna hiyo liko Ruvuma yenyewe. Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898. Kwa Mjerumani, Theresia huandikwa kwa th lakini sauti yake ni t. Jina hilo likiandikwa katika daftari la ubatizo kwa mkono wa Kijerumani, kisha likasomwa na mtu aliyefundishwa kuwa th ni ile ya thelathini, hupata sauti ambayo padre aliyeliandika hakuwa nayo kinywani. Ndiyo maana leo wako akina Theresia na wako akina Teresia, na wote ni majirani wa mtakatifu mmoja. Katika jina hili herufi imebadili sauti bila kumdhuru mtu. Basi si kila badiliko ni dhuluma, na hapo ndipo fikira inapoanza kuwa ngumu.

Wako wanaoshika upande wa kinywa. Hoja yao ni kuwa jina lilikuwapo kabla ya wino. Mamilioni ya watu waliishi, wakaitwa, wakaitika na kufa pasipo jina lao kuandikwa hata mara moja, na hakuna athubutuye kusema kuwa hawakuwa na majina. Karatasi ni picha ya jina; na picha ikikosewa, husahihishwa picha, si uso. Hoja hii ina nguvu. Lakini wanaoishika huulizwa: kinywa cha nani? Baba asema Thuraya, bibi asema Suraya, na jirani aweza kuwa na namna yake ya tatu. Kama kila kinywa ni hakimu, mtoto atakuwa na majina mengi kama walivyo wageni waliokuja kumtazama.

Wengine hushika upande wa karatasi. Husema kuwa mtu wa leo haishi katika kijiji chake tu. Atahitaji cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa, na pengine hati ya kusafiria. Na kila afisa atakayekutana naye hakuwapo siku ya kupewa jina. Mtu huyo hutambulikana kwa herufi. Jina la cheti kimoja likipishana na la kingine hata kwa herufi moja, mwenyewe hutakiwa kuapa mbele ya wakili kuwa yeye ndiye yeye. Tena tangu mwaka 2013, ulipoanza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, uandikishaji umesogezwa hadi kwenye zahanati na ofisi za kata, na mkoa baada ya mkoa umeingizwa. Hiyo ni neema, kwani mtoto asiyeandikwa ni rahisi kusahauliwa. Hoja hii nayo ina nguvu. Lakini wanaoishika huulizwa nao: je, kosa la dakika moja likipigwa muhuri hugeuka kuwa kweli? Kama ndivyo, kalamu imepewa mamlaka ambayo hata mzazi hana, maana mzazi aliwaza siku saba kabla ya kulitaja jina, na kalamu haikuwaza hata kidogo.

Ili kuzipima hoja hizi mbili, yafaa kurudi kwa bibi na kuuliza kosa lilifanyika wapi. Mtu mwepesi wa kulaumu atasema lilifanyika ulimini mwake, kwa kuwa alishindwa kutamka th. Lakini Waajemi nao huliandika neno hili kwa herufi ileile ya Waarabu na kulitamka kwa s. Soraya alikuwa malkia wa Afghanistan, mke wa Amanullah aliyetawala kuanzia 1919 hadi 1929; na Soraya mwingine alikuwa malkia wa Iran kutoka 1951 hadi 1958. Hakuna aliyewacheka malkia hao kwa kukosa th. Bibi wa Nakapanya aliposema Suraya alitamka kama yalivyotamka majumba ya kifalme. Tena aliposema hivyo alikuwa na nyota moyoni. Ulimi wake haukuchagua kati ya s na th, kwa kuwa lugha yake haikumpa viwili vya kuchagua. Aliyechagua ni kalamu. Kalamu hulazimika kuandika herufi moja na kuacha nyingine, na kila achaguaye huwajibika kwa uchaguzi wake. Sauti ya bibi ilikuwa safi. Ilichafuka pale ilipovikwa herufi za neno lingine.

Na neno hilo lingine si tusi la mchezo. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita katika nchi za kusini ikiwa na pembe na watu. Mtumwa aliyefikishwa pwani aghalabu alipewa jina jipya na bwana wake, kwa kuwa bwana alijua, pengine bila kusoma falsafa yoyote, kuwa anayemwita mtu apendavyo amekwisha kummiliki nusu. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja iliwaacha masuria nje ya mlango. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1922. Miaka mia na zaidi kidogo si mingi katika kumbukumbu ya koo. Kumwandika binti wa kusini kwa jina hilo, hata kwa bahati mbaya, ni kumrudishia mnyororo ambao mababu zake waliuona ukipita njiani.

Hapo ndipo tofauti kati ya mabadiliko ya majina inapodhihirika. Fatima aligeuka Fatuma, Aisha akageuka Asha, Ruqayya akageuka Rukia. Na mabadiliko hayo hayakumuumiza mtu. Yalifanywa na vinywa vingi katika miaka mingi, na vinywa hivyo vilikuwa vya mama, shangazi, masomo na wachumba. Jina lilisuguliwa kwa kuitwa, kama kizingiti kinavyosuguliwa na nyayo za wenye nyumba, na mwisho likawa lao kweli kuliko lilivyokuwa lilipotoka ng'ambo. Mwenye kudai leo kuwa Asha ni kosa la Aisha anadai kuwa mamilioni ya wanawake wameitikia kosa. Lakini Thuraya kuwa Suria hakukufanywa na mapenzi ya vizazi. Kulifanywa na mkono mmoja asubuhi moja, pasipo mtu kuulizwa. Kinachotenga badiliko la halali na lisilo la halali si umbali wa sauti mpya kutoka kwa sauti ya kwanza, maana Rukia yuko mbali na Ruqayya vilevile. Kinachovitenga ni ridhaa ya wenye jina, na heshima ya mtu atakayeitikia.

Pengine itasemwa kuwa, kama ni hivyo, dawa ni kuwalazimisha watu wote watamke th, dh na gh kama yatamkwavyo Unguja, ili pasiwe na mashaka tena. Shauri hili lina faida yake shuleni, kwa maana mwanafunzi anayeandika samani akikusudia thamani ametaja viti na meza alipotaka kutaja ubora. Sanifu ya maandishi ni jambo jema. Lakini kuufanya ulimi wa bibi kuwa sharti la mjukuu kupata jina lake halali ni kuhamisha mzigo kutoka kwa mwenye elimu hadi kwa asiye nayo. Bibi alitoa alichokuwa nacho. Mwandishi alikuwa na zaidi: alijua herufi, alijua maneno yote mawili, na alikuwa na kinywa cha kuuliza. Mzigo humfaa mwenye mabega, na katika chumba kile mabega yalikuwa ya aliyeshika kalamu.

Basi jibu la swali lililoulizwa mwanzo si kinywa peke yake, wala si karatasi peke yake. Jina ni amana. Mzazi huiweka, jamaa huitunza kwa kuitamka, maandishi huipokea ili ifike mahali ambapo sauti haifiki, na mwenyewe akiisha kukua ndiye mwenye mali. Mpokea amana hana ruhusa ya kuibadili kwa kuwa ilimfikia ikiwa imefungwa kwa kitambaa asichokizoea. Atafungua aone, au atauliza. Naye mwenye mali, akifika umri wake, ana haki ya kusema: hivi ndivyo niitwavyo, na hivi ndivyo niandikwavyo. Kama amelipenda jina lililopatikana kwa kosa, ni lake. Wako watu waliogeuza kosa la daftari kuwa fahari ya ukoo. Kama amelikataa, sheria na jamaa wamfungulie njia, na asichekwe kwa kuhangaikia herufi moja. Anayecheka hana herufi iliyomuuma.

Wajibu utokao katika hayo si mkubwa, na huenda kwa sababu ya udogo wake ndiyo maana hupuuzwa. Mwandishi akiisha kuandika, na alisome kwa sauti jina aliloliandika mbele ya aliyemleta mtoto, aulize maana yake, na angoje jibu. Kwa kufanya hivyo hutumia muda usiozidi ule wa kukausha wino. Bibi wa Nakapanya angesikia neno suria, angeshtuka, na angesema kuwa sivyo, mjukuu wake ni ile nyota ya kulimia. Mwandishi angelifuta neno lake, angeandika Thuraya au Suraya kama wenyewe wapendavyo, na bibi angerudi nyumbani kwa amani, akimwita mtoto kwa ulimi wake uleule wa Kiyao, pasipo karatasi na kinywa kugombana.

Wazee wa pwani husema kuwa kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota zile hazikuwahi kubadilika kwa kuitwa na Waarabu hivi, na Waajemi vile, na Waswahili kwa jina la jembe. Mtoto si nyota. Yeye hubadilika kwa anavyoitwa. Kwa hiyo aliyepewa kalamu juu ya jina la mtoto amepewa jambo zito kuliko wino wake, na yampasa kuuliza kabla ya kuandika.